Kijiti cha Shosho

Masika ya 2024 yalipokolea, jirani yetu hapa Thika, mama mzee tunayemwita Shosho, alichomeka kijiti ukingoni mwa Mto Thika, akakitia alama tatu kwa panga. Maji yakifunika ya kwanza, vyeti vya wajukuu vinaingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Ya pili, magodoro yanapandishwa darini. Ya tatu, wanahama.

Kila alfajiri alishuka na tochi. Nilimfuata mara mbili tatu. Mto wenyewe hakuutazama. Ulikuwa unanguruma gizani tu. Aliinama, akapapasa kijiti kwa vidole, akahesabu alama zilizobaki juu.

Nimemkumbuka juzi nikitazama filamu fupi ya Wacajun wa Louisiana, Marekani, wakisubiri mafuriko. Hao ni wajukuu wa Wafaransa wa Acadia, ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Huko Louisiana, Mei 14, 2011, serikali ilifungua milango ya kupunguzia maji ya Morganza, ikaelekeza sehemu ya maji ya Mto Mississippi kwenye bonde la Atchafalaya ili kuinusuru miji ya Baton Rouge na New Orleans. Wakazi wa Butte La Rose, kijiji cha bondeni, wakaambiwa wahame. Mwishowe maji hayakufika kimo kilichohofiwa. Miji mikubwa ilistahili kuokolewa, sibishi. Lakini anayeombwa kupisha maji ya wenzake anastahili zaidi ya tangazo.

Sisi nasi tunaishi chini ya maji ya wengine. Juu yetu kuna bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, la lita bilioni 70. Limejengwa kwa ajili ya Nairobi. Likijaa, ziada inateremka kwetu.

Mei 2, 2024, Kithure Kindiki, waziri wa wakati huo, alitangaza kwamba mabwawa 178 nchini yako hatarini, na walio karibu nayo wahame ndani ya saa 24. Haraka ile naielewa: siku tatu kabla, maji yalikuwa yamewazoa watu usingizini Mai Mahiu. Shosho alisikiliza redio hadi mwisho, akanigeukia.

“Saa nimeambiwa, mwanangu. Mahali je?”

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo rafiki yangu wa Ruiru alipiga simu kama kawaida yake, akaniambia Mto Ruiru nao umefika uani kwao, na yeye pia hajui aende wapi na watoto wanne.

Kwetu maji yalifunika alama ya pili, yakasita hapo siku mbili, yakaanza kushuka. Tulikuwa tumesimama ukingoni Shosho aliponiuliza yanakwenda wapi yakishatupita. Nikamwambia: bwawa la Masinga, kisha Mto Tana, Garissa, hadi baharini. Nikamwambia pia kwamba Aprili 28 boti lilizama huko Garissa likiwavusha watu mafuriko.

Alinyamaza kitambo.

“Na huko,” akauliza, “wana kijiti?”