Frateri, Nikienda kwa Viza ya Utalii Nikapiga Kibarua, Ni Dhambi?



Vijana wenzangu, swali hili nililipata likizoni, nikiwa kwenye kazi za kichungaji parokiani. Dada mmoja wa VIWAWA, msusi mzuri kweli, ana binamu yake Dubai. Mpango wao ni kwamba aingie kwa viza ya utalii ya siku 60, asuke nywele majumbani, arudi na mtaji wa kufungua saluni. "Frateri, hiyo nayo ni dhambi?" Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Leo naandika kwa kirefu kidogo, maana najua wengi wenu mna mpango kama huo kwenye simu zenu.

Kazi yenyewe haina doa. Paulo alipofika Korintho, mgeni kabisa, alikaa kwa Akila na Prisila akashona nao mahema (Mdo 18:1-3). Na hao waliompokea nao walikuwa wageni, wametoka Italia baada ya Klaudio kuwafukuza Wayahudi Roma. Yaani habari za Kanisa la Korintho zinaanzia kwenye karakana ya watu waliohamahama. Naye Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba mtu mwenye sababu za haki ana haki ya kuhamia nchi nyingine. Kwa hiyo kutafuta riziki nje si tamaa. Wanaowaambia vijana "tulieni nyumbani" mara nyingi wana mshahara.

Ugumu uko kwenye ile fomu ya viza, pale unapoandika kwamba unaenda kutembea. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anasema sheria iliyo ya haki inaifunga dhamiri, si mwili tu. Je, sheria ya viza ni ya haki? Katekisimu (KKK 2241) inawadai wote wawili: nchi zenye uwezo ziwapokee wageni kadiri ziwezavyo, na mgeni naye aheshimu sheria za nchi iliyompokea. Huwezi kuchukua nusu inayokupendeza. Ukiandika utalii huku begi limejaa rasta na vitana vya kazi, huo ni uongo, hata kama mstari mzima pale uwanja wa ndege unafanya hivyo hivyo.

Utaniambia, "Frateri, nyumbani hali ni mbaya." Nakubali, na Mungu anaiona. Shida inaweza kupunguza uzito wa kosa, ila haiugeuzi uongo ukawa kweli. Uzito wake kwako wewe ukazungumze na padri kwenye kitubio. Mimi ni frateri, siungamishi mtu.

Ila kuna jambo linanisumbua kuliko fomu. Msomeni Ruthu, sura ya 2. Mmoabu, mjane, mgeni Bethlehemu, anaokota masazo ya shayiri. Ni kibarua cha chini kuliko vyote, lakini hakukifanya kwa kujificha: Sheria ya Musa ilimwachia maskini na mgeni masazo ya mavuno (Law 19:9-10), na msimamizi alipoulizwa ni nani huyu, alijua kueleza ametoka wapi na amekuja na nani. Boazi akawakanya vijana wake wasimguse. Naomi naye akamwambia abaki na wasichana wa Boazi, asije akadhuriwa kwenye shamba la mtu mwingine. Wote wawili walijua mgeni asiye na mtu wa kumsemea hufanywa nini shambani.

Sasa angalia kibarua cha kujificha. Falme za Kiarabu haziruhusu kufanya kazi kwa viza ya utalii. Mwaka 2024 zilipandisha faini ya mwajiri anayeajiri mtu asiye na kibali: ni kuanzia dirham 100,000 hadi milioni 1. Anayekubali kukuweka kazini kwa hatari hiyo ameshapiga hesabu ya kuifidia, na mara nyingi anaifidia kwenye ujira wako. Akikunyima hela, utakwenda kushtaki wapi? Ukifungua mdomo unajishtaki mwenyewe, naye anajua.

Hapa niwageukie wengine, hasa sisi watu wa parokiani. Mtu akirudi mikono mitupu, tunasema "alijitakia." Jamani! Kumbukumbu la Torati 24:14-15 linakataza kumdhulumu kibarua, awe ndugu au mgeni, na linataka alipwe kabla jua halijatua. Halikuuliza karatasi. Yakobo 5:4 naye anasema ujira uliozuiwa unalia. Kwa hiyo kosa la dada yetu la kudanganya halifuti hata dirham moja ya deni la aliyemdhulumu.

Ninyi wa kazi za mtandaoni, wabunifu na wahariri wa video, nanyi mnaniuliza. Sheria hazifanani. Uingereza, kwa mfano, tangu Januari 2024 inamruhusu mgeni aendelee kwa mbali na kazi yake ya nyumbani, mradi hiyo isiwe sababu kuu ya safari, lakini si kuchukua kazi kwa kampuni ya huko. Soma masharti ya viza yako mwenyewe. Usitegemee video ya mtu.

Yule dada bado anapanga. Nilimshauri atafute mwajiri wa kumwombea kibali, na wakala yeyote atakayejitokeza amuulizie TaESA kama amesajiliwa. Akifika, aende Kanisa la Mtakatifu Maria, Dubai. Waamini wengi kule walizoea kusali Ijumaa, maana kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, na Misa zipo za lugha nyingi. Ajitambulishe kwa jina, aseme ametoka parokia gani na anafanya kazi kwa nani.