Kanali Aliyesamehewa

Cheo cha kanali ni kikubwa katika kila jeshi. Akinena, mamia ya watu husimama. Yule akida wa Kapernaumu, ambaye Injili yamsifu, aliijua nguvu hiyo. Lakini alijua pia ya kuwa yeye mwenyewe yu chini ya amri ya mwingine. Pierre Olombe, kanali wa waasi walioitwa Simba, alilisahau neno hilo la pili.

Mwaka 1964 Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Tarehe 3 Novemba Padri Bernardo Longo aliuawa hapo hapo Mambasa. Tarehe 26 Askofu Wittebols akauawa Wamba. Stanleyville ilikuwa imekwisha kuwaponyoka waasi tarehe 24, na jeshi lao lilikuwa likivunjika. Jeshi la namna hiyo huogopwa kuliko lile linaloshinda.

Tarehe 29 Novemba masista wa Bafwabaka walipakiwa katika lori. Kesho yake walifikishwa Isiro, iliyoitwa wakati ule Paulis. Usiku Olombe akamtaka Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta awe mke wake. Sista huyo alikuwa hajatimiza miaka 25. Akakataa, kwa kuwa alikwisha kumwekea Mungu nadhiri. Kanali akatisha, akampiga yeye na mwenzake, Sista Bokuma, hata mkono wa Bokuma ukavunjika. Jibu halikubadilika. Katikati ya mapigo Anuarite akamwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui atendalo. Ndipo Olombe akawaita askari wake wamchome, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Akafa usiku ule, kuamkia tarehe 1 Desemba.

Hapa wakatekumeni huuliza: je, msamaha ule umemwondolea kanali hatia? La, hasha. Kuua ni dhambi ya mauti, na cheo hakiipunguzi. Wala askari waliochoma hawawezi kujificha nyuma ya mkubwa wao, maana amri ya kutenda dhambi haitiiwi. Anuarite alisamehe deni lake yeye. Toba ilibaki kazi ya Olombe, naye alibaki hai miaka mingi. Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri, alimsamehe muuaji kwa jina la Kanisa lote.

Neno hili si jepesi Mambasa. Mwaka 2002 na 2003 watu wenye silaha walikuja tena; wakapora, wakabaka, wakaua, na Wambuti wakafuatwa hata msituni. Wako watu ambao hata leo wanazijua sura za waliowatesa. Mmoja wao akijifunza Baba Yetu kabla ya ubatizo, na sauti ikamkwama penye kuwasamehe waliotukosea, katekista asimharakishe wala asimkemee. Amngoje. Jioni nyingine waanze tena sala hiyo tangu mwanzo, pamoja.