Siri ya kijana ni ya nani?

Kijana anakuja kwako usiku, anasema: «Baba mdogo, nimechoka na maisha. Lakini usimwambie mtu.» Tufanye nini na neno hilo?

Sisi Wamaza tumelelewa kuheshimu siri. Mwenye kutoboa siri ya mwenzake, nani atakaa naye tena kwenye barza? Ndiyo maana wengi wetu tunanyamazaka. Kesho kilio kikisikika, tunatafuta mchawi.

Lakini siri ya deni na siri ya kifo si moja. Tena kijana huyo, kama angetaka neno lake lifichwe kabisa, asingekuja kulisema.

Basi, tumwambie nani? Si kijiji kizima, maana haya nayo inauaka. Watu wawili watatu: shangazi anayempenda, mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya. Kushirikiana hivyo si jambo geni kwetu; miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo ulifanya kazi ya afya pamoja na kamati za wakaaji. Kule Harare, Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14, wakikaa kwenye benchi karibu na kliniki, wakisikiliza wenye mawazo mazito. Bibi tunao. Benchi, seremala atalipiga kwa siku moja.

Wengine wanaogopa: ukimwuliza, utamfundisha. Shirika la Afya Duniani linakataa: kumwuliza mtu wazi kama anafikiri kujiua hakumtii wazo hilo.

Usiku ule usimwache peke yake. Kamba na dawa ya panya zitoke nyumbani. Asubuhi mwambie usoni: «Nitamwambia shangazi yako.» Atakasirika. Akasirike.