Mwiba wa Kujidunga

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii ikitamkwa, kwa kawaida kuna mtu tayari analia: aliyemkopesha tapeli mara ya pili, aliyepanda bodaboda ya mlevi, aliyeonywa akapuuza. Ndani yake kuna hoja ya kimaadili. Madhara uliyojiletea ni mali yako, na sisi wengine hatudaiwi huruma wala msaada. Nataka kuijaribu hoja hiyo kwa swali dogo, linaloonekana kuwa la muuguzi kuliko la mwanafalsafa. Je, mtu anayeshika udongo kila siku anapaswa kuhakikisha chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati? Na kama hafanyi hivyo, inamhusu nani?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Pepopunda huletwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani. Mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi, zikivumilia joto na ukame. Hukaa pia katika matumbo ya farasi, ng'ombe, kondoo na wanyama wengine, kisha hutoka pamoja na kinyesi. Kwa hiyo udongo uliotiwa samadi, ule mweusi ambao kila mpenda maua anautamani, ni makazi yake mazuri. Mwaka 1884, huko Göttingen, Ujerumani, Arthur Nicolaier aliwadunga wanyama wa maabara udongo wa kawaida, nao wakapata pepopunda. Tumezoea kuogopa msumari wenye kutu, lakini kutu haina kosa. Mwiba wa waridi, kijiti kilichopenya ndala au ncha ya reki vinatosha, mradi viingize uchafu ndani ya nyama, mahali pasipofikiwa na hewa.

Humo ndani mbegu huamka na kutoa sumu inayosafiri kwenye neva na kuzima breki za misuli. Misuli hukaza na haiachii. Mara nyingi huanza taya, kisha shingo, mpaka mgongo unapinda kama upinde, na muda wote mgonjwa ana fahamu zake. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, wakati kidonda chenyewe kimeshasahaulika. Sumu iliyokwisha kushika neva haing'olewi na dawa yoyote. Kinachobaki ni kumsaidia mgonjwa apumue na kutuliza mishtuko mpaka mwili ujirekebishe, kazi ya wiki kadhaa. Hata akipona, hakupata kinga. Kiasi cha sumu kinachoweza kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili kujilinda, kwa hiyo naye atahitaji chanjo kama mtu mwingine yeyote.

Lililonivuta zaidi ni kwamba ugonjwa huu hauambukizwi na mtu kwa mtu. Unaweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa wa pepopunda usipate kitu. Wakati wa UVIKO-19 tuliambiwa tuchanje ili tuwalinde wazee wetu. Surua nayo ina hesabu yake: wakichanjwa watoto wa kutosha, ugonjwa unakosa njia ya kumfikia yule mmoja asiyeweza kuchanjwa. Kwa pepopunda hesabu hiyo haipo. Hata kijiji kizima kikichanjwa, yule mmoja aliyekosa bado yuko peke yake na jembe lake. Chanjo yangu inanilinda mimi, basi.

Hapa ndipo methali inapopata nguvu. Mwaka 1859 Mwingereza John Stuart Mill alichapisha kitabu kuhusu uhuru, akajenga hoja inayofanana nayo kwa lugha ya wasomi: jamii ina haki ya kumzuia mtu pale tu anapotaka kuwadhuru wengine, na faida yake mwenyewe si sababu ya kutosha. Ukimfuata Mill, asiyechanjwa surua tunaweza kumjadili. Asiyechanjwa pepopunda tumwache.

Jibu la haraka ni kwamba hakuna anayeumia peke yake. Baba akilala wiki tatu katika chumba cha wagonjwa mahututi, ng'ombe atauzwa, mtoto atarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mke atalala kwenye benchi la hospitali. Mtu ni watu. Jibu hili ni la kweli, lakini haliniridhishi, kwa sababu linamthamini mgonjwa kwa gharama anazosababisha. Linasema: jilinde, usije ukatusumbua. Mtu asiye na mke, mtoto wala ng'ombe linamwacha pale pale methali ilipomwacha.

Tazama ni nani waliowahi kukumbukwa katika historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1914 wanajeshi waliojeruhiwa katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji, udongo uliotiwa samadi vizazi na vizazi, walianza kufa kwa pepopunda. Jeshi la Uingereza likawa linawapa majeruhi sindano ya kuzuia sumu, na wagonjwa wakapungua sana. Kufikia Vita Kuu ya Pili chanjo kamili ilikuwapo, na majeshi yalichanja askari kwa mamilioni. Baadaye ikaja zamu ya akina mama. Mama akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto tumboni na kumlinda katika siku za kwanza, kitovu kinapokatwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1988 watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda, na mwaka 2018 wakawa 25,000. Ni moja ya kazi nzuri kabisa ambazo binadamu wamewahi kuifanya. Kisha, katikati ya miaka ya 2010, wagonjwa wa pepopunda walipoonekana miongoni mwa wanaume waliotahiriwa katika kampeni za kuzuia virusi vya UKIMWI mashariki na kusini mwa Afrika, wanaume nao wakakumbukwa. Chanjo ikaunganishwa na tohara.

Askari alihitajika vitani. Mama alibeba mtoto. Aliyetahiriwa alikuwa sehemu ya mradi ambao usingepaswa kuua watu. Siwalaumu waliopanga hivyo, kwani rasilimali ni chache na watoto wachanga walistahili kutangulia. Lakini kila mara aliyelindwa alikuwa amebeba kitu ambacho mtu mwingine anakihitaji. Mwanamume wa miaka 50 anayepalilia ua la nyumba ya mtu hajabeba kitu kama hicho. Alichanjwa utotoni, kama alichanjwa, na tangu hapo hakuna kliniki iliyomwita.

Mwaka 2014, kampeni ya chanjo ya pepopunda nchini Kenya ilipowalenga wanawake wa miaka 15 hadi 49, maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai hadharani kwamba chanjo hiyo ilichanganywa na homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walilikanusha dai hilo, na hakuna ushahidi kwamba chanjo ya pepopunda humfanya mtu awe tasa. Lakini ndani ya mabishano yale kulikuwa na swali ambalo watu wa kawaida waliliuliza kwa nia njema: kwa nini wanawake tu, ilhali wanaume nao hukatwa na panga? Jibu la kitaalamu ni mtoto mchanga, na linajitosheleza. Hata hivyo swali lilifichua jambo. Watu walikuwa wamezoea kutopewa kitu bure, na walipoona sindano inapita ikiwachagua baadhi, walitafuta faida ya anayeitoa.

Rudi sasa nyumbani, pengine kwako. Vijana wengi waliosoma mijini, wakishapanga nyumba yenye kipande cha ardhi, hutafuta mtu wa kufyeka majani na kumwagilia. Mtu wa makamo, mwenye wajukuu, anaitwa "shamba boi". Anakuja Jumamosi na ndala, anachimba mashimo ya miche kwa mikono mitupu, anabeba viroba vya samadi. Tunajua bei ya siku yake. Hatujui kama amewahi kuchanjwa. Angekuwa na kifua kikuu tungejua haraka sana, kwa sababu kikohozi chake kingetufikia sebuleni. Wapo waajiri wanaompeleka mfanyakazi wa ndani kupimwa kabla hajamgusa mtoto, na wanaita hiyo tahadhari. Pepopunda haiwezi kuvuka kutoka bustanini kuingia sebuleni, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Ndiyo maana naona ugonjwa huu ni kipimo kizuri. Magonjwa ya kuambukiza huchanganya huruma na woga, na ni vigumu kujua kipi kinatusukuma. Pepopunda huondoa woga. Ukimuuliza yule mzee habari za chanjo yake, hakuna unachojikinga nacho. Umejali tu.

Najua pingamizi. Yeye ni mtu mzima, mwili ni wake, na tajiri anayeingilia afya ya kibarua ana historia mbaya katika nchi zetu. Ni kweli. Ndiyo maana sitaki chanjo iwe sharti la kazi, maana sharti humwongezea mnyonge mzigo: atafute kadi asiyokuwa nayo au apoteze siku zake. Lakini kati ya kulazimisha na kunyamaza kuna nafasi kubwa. Mtu anaweza kuuliza kwa adabu, kama anavyomuuliza mjomba wake. Anaweza kumpa nauli ya kwenda kituo cha afya, na siku hiyo asimkate ujira. Anaweza kununua glavu na mabuti. Mzee akikataa, amekataa. Mill mwenyewe asingekuwa na neno hapo, kwa kuwa yeye alipinga nguvu na hakumkataza mtu kumshauri jirani yake.

Nawe unayelima sukumawiki kwenye ndoo za barazani, hesabu dozi zako. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi sita: tatu za uchangani, ambazo kwetu hutolewa katika wiki ya 6, 10 na 14, kisha tatu za nyongeza kabla ya utu uzima. Wengi wetu tuliishia kwenye zile tatu za mwanzo. Marekani huwashauri watu wazima kuongeza dozi kila baada ya miaka 10. Uingereza huona dozi tano zinatosha kwa maisha ya kawaida, ila jeraha chafu huangaliwa upya. Kanuni zinatofautiana, lakini hakuna hata moja inayosema zile za uchangani zinakutosha. Kwa hiyo ndiyo, mtu wa bustani anahitaji chanjo, na asiyejua idadi yake aende akaulize. Ukijichoma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, usisubiri taya likaze.

Kuhusu methali, nadhani inapingana na lugha yake yenyewe. Katika Kiswahili mtu akijikwaa barabarani, hata mgeni anayepita humwambia pole. Anayeisema hakuweka jiwe, hakumsukuma, wala hakuguswa na maumivu. Hakiri kosa na hategemei kulipwa. Haulizi kwanza kama aliyejikwaa alikuwa anaangalia simu. Ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu kabla hatujasikia neno maadili. Mzee aliyechomwa na mwiba wa bogenvilia yetu anastahili neno hilo, na kwa ugonjwa huu ni afadhali alipate mapema, akiwa bado mzima, pamoja na nauli ya kwenda zahanati.