Gavana akaondolewa, benki ikabaki

Lynn Frazier alikuwa mkulima wa Hoople, North Dakota, alipochaguliwa gavana mwaka 1916. Nyuma yake ilisimama Nonpartisan League, umoja wa wakulima waliochoshwa na wenye maghala ya nafaka kando ya reli: mkulima analeta ngano, na mnunuzi ndiye anayeipima, ndiye anayeipanga daraja, ndiye anayekata uzito wa takataka. Mwaka 1919 serikali ya Frazier ilianzisha benki ya jimbo na mradi wa kinu cha unga cha umma. Oktoba 1921 wapiga kura wakamwondoa kabla ya muda wake kwisha, gavana wa kwanza Marekani kupatwa na hayo.

Wako wanaosema kura hiyo ilikuwa hukumu juu ya sera zake. Kweli, benki ilikuwa taabani, na usimamizi ulikuwa na kasoro. Lakini bei ya ngano ilikuwa imeporomoka baada ya vita, na benki yoyote inayokopesha wakulima ingeyumba. Isitoshe, siku ileile wapiga kura hao hao walikataa mapendekezo ya kuvunja programu yake. Anayeuchukia mradi haupiganii kwa kura. Frazier mwenyewe alishindwa kwa kura kama 4,000 tu, na mwaka 1922 (wapiga kura wana mambo!) wakampeleka Seneti, alikokaa hadi 1941. Kinu kilifunguliwa Grand Forks chini ya gavana aliyemrithi, mpinzani wake, na benki ingali mali ya jimbo.