Kamba ya Mwalimu

Alkhamisi ya tarehe 12 Januari 1888, katika mbuga za Nebraska na Dakota huko Marekani, kulipambazuka na uvuguvugu usio wa msimu wake. Watu waliokwisha kubanwa na baridi siku nyingi wakatoka kushughulikia mifugo, na watoto wakaenda skuli bila ya makoti mazito. Kisha upepo ukashuka kwa ghafula kutoka kaskazini, umebeba theluji laini mfano wa unga, hata mtu akinyoosha mkono asiuone. Yakisiwa kuwa roho 235 zilipotea, nyingi zikiwa za watoto.

Skuli zile zilikuwa za chumba kimoja, zimetawanyika mbugani, na kila moja ina mwalimu wake mmoja, aghalabu msichana asiyewapita sana umri wanafunzi wake wakubwa. Hakuwa na wa kumuuliza. Awazuie ndani, moto uzimike usiku wafe kwa baridi? Au awatoe, wapotee njiani?

Karibu na Ord, upepo uliezua paa la skuli ya Minnie Freeman. Akawatoa wanafunzi, akawaongoza hadi nyumba ya shamba la jirani, wote wakasalimika. Karibu na Plainview, Lois Royce alibaki na watoto watatu, kuni zikamwishia. Naye akatoka nao, kuelekea nyumba ambayo siku ya kawaida ingefikiwa kwa dakika chache. Wakaikosa. Watoto wote watatu walikufa ubavuni mwake. Yeye akaokoka, akakatwa miguu.

Je, ni lipi alilolitenda wa kwanza ambalo wa pili hakulitenda? Wote wawili walitolewa na dhiki, si pupa. Wote walitoka pamoja na watoto, hawakuwatanguliza peke yao. Akili haioni tofauti ila ya bahati. Asemaye kwamba Royce alikosea hana budi aseme na Freeman alikosea, kisha amtazame usoni mzazi wa mtoto aliyerejea hai. Wapo wanaojibu kwamba tendo hupimwa kwa tunda lake. Kipimo hicho chamfaa msimuliaji. Kwa mwalimu aliyesimama mlangoni hakina msaada, maana tunda lenyewe halijaonekana.

Watu wa Nebraska, kwa sifa yao, hawakumtupa Royce: gazeti moja la Omaha lilipofungua mfuko wa michango kwa mashujaa wanawake, majina yote mawili yaliingia. Lakini aliyetungiwa wimbo ni Freeman, na hadithi ikazidi kunona kuwa aliwafunga wanafunzi wake kwa kamba moja. Wapo walioipinga. Iwe kweli au si kweli, kamba hiyo ina kazi yake. Bila ya kamba, kuokoka kwao ni bahati tu, na bahati haitungiwi wimbo. Kwa kamba, kunageuka kuwa busara. Na ikiwa ni busara, basi yule wa Plainview aliikosa. Ilhali kamba haimwonyeshi mtu njia, humzuia tu asiachane na wenzake, na Royce hakuachana na watoto wake. Alilala nao thelujini usiku kucha.