Maji ya Mgeni Yametekwa na Nani?



Katika Injili ya Matayo imo ahadi ya Bwana wetu juu ya kikombe cha maji: ya kuwa hata tendo dogo kama hilo, likitendwa kwa ajili yake, halisahauliwi mbinguni. Watu wengi wakisoma ahadi hii hudhani ya kuwa Bwana alichagua kitu rahisi kuliko vyote, ili asiwepo mtu wa kusema, "Mimi sina cha kutoa." Na kwa mtu akaaye kando ya mto mkubwa maneno hayo ni kweli. Walakini sisi tukaao juu ya uwanda wa Makonde twayasikia kwa namna nyingine.

Mtu akisimama Newala penye Shimo la Mungu aona nchi ikikatika ghafula chini ya miguu yake, na mbali sana bonde la Ruvuma. Juu huku mvua hunyesha, na mihogo na mikorosho hustawi. Lakini udongo wetu hunywa maji yote, hayakai. Mito haipo. Chemchemi ziko chini, penye miguu ya mlima. Kwa hiyo tangu zamani wanawake wetu waliondoka jogoo la kwanza, wakateremka na mitungi, wakangoja zamu yao, kisha wakapanda tena mteremko ule ule na mzigo kichwani. Mashine za kuvuta maji zimekuja, na nyumba nyingi zimechimba visima vya kuwekea maji ya mvua, tumshukuru Mungu. Lakini bomba likikauka na kisima kikiisha, njia ya bondeni ingalipo, na wapitao njia hiyo ni wale wale.

Basi nataka kuuliza swali moja, nalo ni dogo: mgeni akipewa maji, ni nani aliyempa?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nilikuwa mtoto mdogo, mwaka mmoja au zaidi baada ya vita kuanza ng'ambo ya Ruvuma. Siku moja, jua la utosi, alikuja mtu mgeni na mtoto mgongoni. Baba alikuwa ameketi barazani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyependwa kwa ukarimu wake. Akamkaribisha mgeni, akampa kigoda, akaniita nilete maji. Nikaleta kata ya kwanza, nikaleta ya pili. Kisha baba akasema, "Mletee na ya kunawa miguu." Nikaleta. Mtoto naye akanyweshwa, akaoshwa uso. Mgeni akambariki baba kwa maneno mengi mazuri, na baba akafurahi, nami nikafurahi kwa kuwa ni mtoto wake.

Jioni mama akarudi kutoka bondeni na mtungi mmoja. Akautua, akafunua mtungi wa pili uliokuwa ndani, akauona mtupu. Akaniuliza, "Yamekwenda wapi?" Nikajibu, "Amekunywa mgeni, mama." Akanyamaza kidogo, akisugua shingo yake. Kisha akasema, "Vema. Mgeni hanyimwi maji." Hakusema neno jingine. Akachukua ngata yake na mtungi, akatoka kwenda kuomba maji ya kupikia kwa jirani.

Baba alisikia yote. Usiku ule alikula kimya. Alfajiri akaniamsha, akachukua debe, tukateremka bondeni pamoja. Njiani wanawake walicheka kumwona mwanamume na debe, na mmoja aliyekuwa mtani wake alimtania sana mpaka tukafika. Baba hakujibu. Tulipokuwa tukipanda alipumzika mara nyingi, hata debe likafika nyumbani limepungua. Akalitua mbele ya mama, akasema, "Sikujua." Mama akacheka, akasema, "Ulijua. Hukuwa umebeba."

Ndugu zangu, maneno hayo mawili ya mama nimeyafikiri miaka mingi.

Pengine msomaji atasema, "Je, baba yako alikosa? Angemfukuza mgeni mwenye kiu?" Hasha. Mgeni alikuwa na kiu, na maji yalikuwapo nyumbani. Kumnyima ingekuwa dhambi. Mama mwenyewe alisema hivyo. Kosa halikuwa katika kutoa. Kosa lilikuwa katika kupokea shukrani yote peke yake. Mtu mmoja aliteka, mwingine akatoa, na baraka zikamwangukia aliyekuwa ameketi. Tena baba alitoa kwa wepesi, kwa kuwa hakuhisi uzito wa kile alichotoa. Ukarimu usiojua bei yake ni rahisi kuwa majivuno.

Jambo hili si la maji tu. Mgeni akila ugali, yuko aliyetwanga. Akilala penye mkeka safi, yuko aliyesuka na aliyefagia. Mara nyingi sisi wanaume, na sisi walimu pia, twasifiwa kuwa wakarimu kwa mikono ya watu wengine.

Tukitazama mambo ya kale ya nchi yetu twaona vivyo hivyo. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa katika utumwa, kutoka Unguja. Walikuwa wageni hasa; wengi asili yao ilikuwa pande za Ziwa Nyasa, wala hawakuwa na ndugu chini ya majabali yale. Mwaka 1882 Magwangwara waliipiga Masasi, wakaua na kuchukua mateka, na baada ya hapo kazi ya misheni ilihamia Newala, kwa Matola. Basi wale waliokuwa wageni Masasi wakawa wageni mara ya pili. Na sisi wengine je? Wamakua na Wamakonde wengi husimuliwa na wazee wao ya kuwa babu zao walivuka Ruvuma kutoka kusini. Hakuna mlango katika nchi hii ambao haukubishwa na mgeni, na watu wa ndani wengi ni wana wa wageni waliofunguliwa.

Kisha vita ya ukombozi wa Msumbiji ilianza tarehe 25 Septemba 1964, na watu wengi wakavuka mto kwa hofu, wakaingia vijiji vyetu, mpaka nchi yao ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Tena tangu mwaka 1964 hata leo hawakukoma kabisa wapitao wenye shida. Vita iliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 nayo imewafukuza watu makwao. Katika habari hizi zote majina ya maaskofu na majumbe yameandikwa, nayo yastahili. Lakini ni nani aliyeteremka bondeni usiku ule wageni walipofika Newala kwa Matola? Ni nani aliyegawa mihogo yake mwaka 1964? Majina yao hayamo vitabuni. Naamini yamo katika kitabu kingine.

Neno jingine hunenwa siku hizi, nalo si la kudharau: "Wageni wa leo si kama wa zamani. Msimu wa korosho huja watu tusiowajua. Wengine ni wezi. Na mpaka uko karibu." Ni kweli, hekima si dhambi. Mgeni asiyejulikana na atakaye kulala, yafaa kiongozi wa kijiji apewe habari. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kumlaza mtu ni jambo la kufikiri. Kumnywesha si jambo la kufikiri. Kiu haina kabila wala haina hati. Mtu akifanya hofu ya usiku kuwa sababu ya kunyima maji ya mchana, huyo haogopi wezi. Anaogopa mtungi wake kupungua.

Wengine nao hutumia methali ya wazee, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," kana kwamba maana yake ni kumwondoa. Sivyo. Wazee hawakusema, siku ya tatu mwonyeshe njia. Walisema mpe jembe. Mwenye jembe ana shamba, na mwenye shamba ana mahali katika kijiji. Kumwacha mtu akae barazani kama sanamu, huku wengine wakimtumikia, ni kumheshimu nusu. Kumpa kazi na kuketi naye wakati wa kula ni kumheshimu kabisa. Na twaona hapa tena ya kuwa methali ile inamhurumia mtu mwingine, yule asiyetajwa, ambaye kwa siku mbili alibeba mzigo wa mgeni.

Katika Injili ya Yohana Bwana wetu mwenyewe alikuwa mgeni mwenye kiu, akaketi kisimani adhuhuri katika nchi ya Wasamaria. Hakwenda kuomba maji barazani kwa mkubwa wa mji. Alimwomba mwanamke aliyekuja na mtungi, akazungumza naye mazungumzo marefu, hata wanafunzi wakastaajabu. Mimi nikisoma habari ile namkumbuka mama. Bwana alimjua anayeteka.

Basi tufanye nini? Sitaki kuwapa amri nyingi. Mgeni akija, na anywe, hilo lisisumbuliwe. Lakini akishukuru, tumwonyeshe wa kumshukuru: "Maji haya ameyateka mke wangu, haya ameyabeba binti yangu." Ni neno fupi, halina gharama, na nimeona nyuso za wanawake zikibadilika kwa neno hilo. Tena mtungi ukipungua kwa sababu ya wema wangu, nami niujaze. Sasa baiskeli ziko, madumu yako, wala hapana sheria ya Mungu iliyoandika ya kuwa kichwa cha mwanamume hakiwezi kubeba maji.

Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Aliendelea kuwapa wageni maji, wala hakupunguza hata kata moja. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo watu wa kijiji hawakujua chanzo chake: kabla ya kumkaribisha mgeni kigoda, alisimama, akaingia ndani mwenyewe, akafunua mtungi, akatazama. Mama akiwapo alimwuliza, "Yako?" Naye mama hujibu, "Yako, mpe."

Nadhani siku ya hukumu wote wawili wataulizwa habari ya kikombe kile, na wote wawili watakuwa na la kujibu.